Kanda ya Nyuma

Watu husema kisasi hakina faida. Wanaosema hivyo hawajawahi kumwosha nywele adui yao. Mimi nimemwosha Bi Vitambaa mwezi hadi mwezi, nikamsugua kichwa kwa ncha za vidole, nikamuuliza kama maji hayajazidi moto, naye akafumba macho kwa raha zake huku baba yangu amejifungia chumbani kwa ajili yake. Kama hiyo si shule ya kisasi, sijui shule ni ipi.

Bi Vitambaa ni jina tulilompa saluni, na mwenyewe halijui. Ni mke wa tajiri mwenye duka kubwa la vitambaa mtaani kwetu. Baba alikuwa mlinzi wa duka hilo tangu mimi nasukwa nywele na mama yangu mlangoni. Kila usiku alilizunguka jengo lile na tochi yake, mbele na nyuma, akijua kila tofali. Kisha tajiri akafunga king'ora. Akamwambia Baba akae mbele tu apumzishe miguu, maana nyuma sasa kuna mashine. Baba hakupenda, alisema mashine haina pua, lakini mwenye duka ndiye mwenye duka. Akahamishia kiti chake mbele.

Wezi wakapita nyuma. Walivunja dirisha la stoo wakayatoa majora ya vitambaa vya harusi, vile vya bei mbaya, mpaka rafu zikabaki mbao tupu, na mashine haikusema hata kwi.

Asubuhi akaitwa Injinia. Huo uinjinia alijipa mwenyewe. Ni fundi na muuzaji wa ving'ora, mtu wa shati lililonyooka na maneno mengi, na nusu ya mtaa wetu amewafungia yeye. Alisimama mbele ya kile kisanduku cha ukutani chenye vitufe, akabonyeza hapa na pale, kisha akatoka nje mbele ya kadamnasi nzima.

"Kanda ya nyuma imerukwa," alisema. "Na kanda haijiruki yenyewe. Karuka mtu mwenye namba."

Tajiri, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka safari, begi bado mkononi, akauliza nani wana namba.

"Wewe, mama, na mzee."

Hakuna hata mmoja pale aliyejua kanda ni mdudu gani wala inarukwaje. Ila "mzee" wote walimjua. Tajiri akamgeukia mkewe, akamuuliza kama kuna lolote analolifahamu. Bi Vitambaa akasema mambo ya mitambo yeye atayajulia wapi. Kisha akamtazama Baba, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara: "Mzee, umetuuza."

Polisi walimweka ndani, wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Mtaani kwetu kukosa ushahidi maana yake ni kwamba umeficha vizuri. Kazi ikaisha. Siku ya kwanza aliyotoka kwenda kucheza dama na wenzake pale kwa fundi viatu, fundi viatu alikusanya kete akasema leo ana kazi nyingi. Baba aliviona viatu vyenyewe, pea moja tu, tena imekwisha kushonwa. Akarudi nyumbani na hakutoka tena.

Hilo ndilo lililokuwa linaniua. Si njaa, kwa maana saluni yangu inatulisha. Kila asubuhi Baba alioga, akavaa shati lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, kisha akaketi kitandani. Alikuwa anakonda ndani ya shati. Nikipandisha hasira alinituliza: "Achana nao, mwanangu. Mungu hamfichi mnafiki." Niliamini ni mtu mpole aliyesamehe, na upole wake ukanizidishia uchungu, nikaona basi nichukie kwa niaba ya wote wawili.

Bi Vitambaa, kwa upande wake, hakuacha kuja saluni. Sikiliza ujeuri. Alikaa kwenye kiti changu, akanishika mkono, akasema, "Wewe nimekusamehe, mdogo wangu. Si kosa lako kuwa na baba wa namna ile." Mimi nikasema ahsante dada. Nikampaka dawa ya nywele.

Sasa, king'ora. Usiamini kwamba nilikuwa nimepanga tangu mwanzo, nilikihitaji kweli. Mtu alikuwa amejaribu kung'oa wavu wa dirisha langu la nyuma, na mle ndani nina mashine za kukaushia na nywele za bandia za thamani. Kuliko kwenda kwa Injinia, ningeona bora niibiwe. Nikaenda duka la upande wa pili wa mji, nikamkuta muuzaji mmoja mama mnene, miwani yake imeungwa kwa uzi mweusi, anakula karanga.

Nikamwambia nataka king'ora kizuri.

"Kizuri ndiyo kipi?" akaniuliza. "Dada, usinunue kitu ambacho hujui maneno yake. Utauziwa maneno, king'ora utakisikia kwa jirani."

Akanikalisha. Akatumia saluni yangu kwa mfano, na karanga kwa vyumba. Hii karanga mlango: unaweka sumaku, mlango ukiachana na fremu, kelele. Hii ni chumba: unaweka sensa ya mwendo, jicho linalonusa joto la mwili likipita. Usilielekeze kwenye pazia linalopeperuka juani, litakusumbua kwa kengele za uongo mpaka uchukie kulisikia. Muda wa kutokea ni ule unaopewa ukishabonyeza namba, ili ufunge mlango uondoke bila kupigiwa kelele kama mwizi wa nyumba yako. Na kila sehemu ya jengo, akasema, ina kanda yake, ili king'ora kikilia ujue kinalilia wapi. Akazipanga karanga makundi makundi kaunta nzima.

"Na kuruka kanda?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka vibaya, akaacha kutafuna.

"Kuruka ni kukiambia kisanduku: kanda hii leo usiijali. Labda sensa ina hitilafu, labda paka wako analala humo." Akaifunika kwa kiganja karanga ya nyuma. "Zilizobaki zinalinda. Hii ni kama haipo."

"Yeyote mwenye namba anaweza?"

"Ala! Ukimpa kila mtu uwezo huo una ulinzi gani? Namba zina ngazi. Mfanyakazi, mlinzi, hao namba zao ni za kuwasha na kuzima basi. Kuruka ni mwenye mali, na fundi aliyefunga. Tena ya mwenye mali ni ya usiku mmoja, asubuhi akizima inarudi yenyewe. Ya fundi inakaa mpaka fundi mwenyewe airudishe."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, akaniuliza kama naumwa. Nilimwaga pale machozi ya hasira juu ya kaunta yake na karanga zake, nikaondoka bila king'ora, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani kwa sababu nisingeweza kukaa mahali na mtu.

Asubuhi ile duka lilikuwa limekwisha kufunguliwa na king'ora kuzimwa, na ile kanda bado ilikuwa imerukwa; kwa hiyo fundi mwenyewe ndiye aliyeiruka. Na siku ile alipotaja wenye namba, mwenyewe akajisahau.

Ningeweza kwenda moja kwa moja kwa tajiri. Lakini najua angesema nini: mtoto wa mwizi kamtetea mwizi. Mtu akikutukana kwa kinywa chake, kujisafisha kwa kinywa chako hakukutoshi. Nilitaka maneno yale yatoke palepale uongo ulipotokea, na yamfikie tajiri kupitia sikio analoliamini. Sikio hilo lilikuwa linakuja kwangu kuwekwa dawa kila mwisho wa mwezi.

Nilimpigia simu Injinia. Nilimwambia nataka king'ora, aje Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana, saluni ikiwa imejaa, kwa sababu na wateja wangu wengine wanataka kusikia. Nikamwambia mtaa mzima unamsifu. Kilemba cha ukoka kilimkaa vizuri sana. Alifika na begi la vifaa, viatu vinang'aa, na manukato niliyoyasikia kabla sijamwona.

Bi Vitambaa alikuwa kwenye kiti cha kati. Ndiyo kwanza nimemaliza kumpaka dawa kichwa kizima, nyeupe pe. Mwanamke mwenye dawa kichwani hawezi kutoka nje. Hawezi hata kujikuna. Kushoto kwake alikaa mke wa mwoka mikate, ambaye ulimi wake ndio redio yetu. Kulia mwalimu wa chekechea, nusu kasukwa. Msusi mwenzangu alikuwa nyuma yake na kitana.

"Injinia," nikasema, "mimi kichwa changu kigumu. Nifundishe polepole kama mtoto, ndipo nijue nanunua nini."

Akacheka, akaweka begi. Mwanaume akipewa wanawake wa kufundisha huwa hahitaji kusukumwa. Alieleza sumaku, alieleza sensa, alieleza muda wa kuingilia. Alieleza vizuri, sitamdhulumu. Akachora saluni yangu hewani kwa kidole, kanda ya mbele, kanda ya nyuma.

"Na hiyo ya nyuma ikilia ovyo?" nikamuuliza. "Maana mimi nina taulo zinaning'inia kule, zinapepea."

"Hilo dogo. Unairuka kwa muda, mpaka nije nirekebishe."

"Hata huyu mwenzangu?" Nikamnyooshea msusi. "Yeye ndiye hufungua asubuhi, itabidi nimpe namba."

"Hapana, hapana." Alinyoosha kidole kama mwalimu. "Mpe, lakini ya kwake ataweza kuwasha na kuzima tu. Kuruka kanda hawezi hata akikesha anabonyeza. Mfumo wangu una ngazi, dada. Ni wewe na mimi."

"Na nikiajiri mlinzi, nikampa namba?"

"Mlinzi ndiyo kabisa. Mlinzi aruke kanda? Si bora ununue kufuli. Na wewe mwenyewe ukiruka, ni usiku mmoja. Inayokaa siku zote ni ya fundi, kwa sababu sisi ndio..."

Akaendelea kidogo, kuhusu sababu. Mke wa mwoka mikate ndiye aliyeng'amua wa kwanza. Niliona kwenye kioo mdomo wake unafunguka.

"Kumbe mlinzi hawezi," alisema.

"Hawezi," akasema Injinia, bado anatabasamu. Halafu tabasamu likamganda.

Nikaja mbele yake, mikono yangu bado ina glavu za dawa. "Basi ile kanda ya duka la vitambaa aliiruka nani?"

Nilikuwa nimeingoja dakika hiyo kwa hamu. Nilitaka kumwona Bi Vitambaa akigeuka kwa mshangao, ajue kwamba alimwaibisha mzee wa watu bure, akimbie kumwambia mumewe. Nikamtazama kwenye kioo. Mtu anayesikia jambo jipya humtazama msemaji. Yeye alitazama mlango.

"Niosheni," alisema. "Dawa imeanza kuwasha."

Hapo nikajua kuna zaidi.

"Jibu kwanza, Injinia," nikasema.

"Mambo ya wateja ni siri," alisema, akaanza kufunga begi. Mwalimu wa chekechea, ambaye hapandishagi sauti, alisimama na nusu kichwa chake akaegemea mlango. Mke wa mwoka mikate akasema na kwake aliyefunga ni huyuhuyu, na kama kuna kanda yake imelala angependa kujua leo kabla hajaamka bila sufuria. Msusi mwenzangu akamwambia Injinia ni mwizi, yeye na waliovunja stoo ni kitu kimoja. Injinia alikuwa jasiri mbele ya kisanduku, siyo mbele ya saluni.

"Jamani, mimi nilipigiwa simu," alisema. "Kile cha nyuma kilikuwa kinalia kwa sababu ya vitambaa walivyotundika. Bosi alikuwa safari, taarifa zinaingia kwenye simu ya mama. Akaniambia amechoka, kisilie tena, nifanye nijuavyo. Nikairuka kwa namba yangu. Nikamwambia wazi kwamba nyuma sasa hakuna ulinzi, amwambie mzee awe anazunguka. Akasema atamwambia."

"Sikumwelewa," Bi Vitambaa alisema. "Mimi na hayo maneno yenu ya kanda wapi na wapi."

"Asubuhi ile ulielewa, mama," Injinia alisema, na sasa alikuwa anamwogopa mume kuliko mke. "Ulinipigia kabla sijafika dukani. Ulisema nisikutaje, na kazi zenu zote utanipa mimi."

Msusi mwenzangu akashusha kitana.

Nimejiuliza mara nyingi kama kweli sikumwelewa mtu huyu alipokuwa akinishika mkono na kunisamehe. Nilimwelewa kama mjinga mwenye fedha, basi. Kumbe alikuwa anakuja kupima. Alikuja kutazama kama sisi tumejua.

"Inaniunguza," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Niosheni, jamani."

Nikachukua kibomba cha kuoshea nikakishika. Sikufungua maji. Dawa ile ikizidi muda wake inakula ngozi, na mimi ndiye ninayejua muda wake.

"Baba yangu ameungua siku nyingi kuliko wewe," nikamwambia. "Sema wewe. Si huyu, wewe mwenyewe."

"Ni mimi." Alikuwa anashika mikono ya kiti. "Mimi ndiye niliyesema kizimwe. Mzee hakujua. Mume wangu angeniua, vitambaa vile alikuwa amevichukua kwa mkopo. Mzee hakujua chochote."

Nikafungua maji. Niliosha kwa uangalifu mpaka tone la mwisho, nikarudia kwa sabuni. Usidhani ni huruma. Kichwa kingeungua kwenye kiti changu, mtaa ungezungumza habari ya kichwa, na habari ya Baba ingepotelea humo. Sikutaka hata kipele kimoja cha kumfanya aonewe huruma.

Alipoinua mkono kuonyesha mashine ya kukaushia, nilimtupia taulo.

"Leo hukaushwi. Twende nyumbani kwetu."

Alitazama nywele zake kwenye kioo, zimelala kichwani zinachuruzika. Mwanamke yule hajawahi kuonekana barabarani bila kutengenezwa. Akatazama mlango, pale alipokuwa mwalimu wa chekechea, akaelewa kwamba habari hii itafika kwa mumewe kabla ya jioni, na kilichobaki kuchagua ni kama atakuwa ameisema au amesemewa. Akasimama.

Injinia hakutufuata. Mke wa mwoka mikate alikuwa amelikumbatia begi lake la vifaa, anamwambia wataanzia kwake, kisha kwa dada yake, kisha nyumba zote alizofunga, na atawaonyesha kila kanda kwa mkono wake. Wakaondoka, Injinia mbele na mama yule na begi nyuma.

Njiani Bi Vitambaa alishika taulo mabegani. Watu walisimama. Mimi nilitembea polepole, hatua ya bibi harusi, ili wamwone vizuri.

Baba alikuwa kitandani kama kawaida, shati limefungwa mpaka shingoni. Alipomwona aliyeingia, alisimama kwa ile adabu yake ya zamani, nikachukia kwamba amesimama.

Bi Vitambaa alisema yote. Alisema vizuri, kwa sauti ya chini, anaangalia sakafu. Aliomba radhi, akasema shetani alimpitia, akasema atazungumza na mumewe kazi irudi. Nikamngoja Baba aseme yaishe. Nilijua atasema hivyo, na nilikuwa tayari kugombana naye.

Baba alitafuta viatu vyake chini ya kitanda. Akavifuta kwa kiganja, akavivaa, akafunga kamba.

"Yale ya siku ile uliyasemea wapi?" alimuuliza.

"Dukani, baba."

"Nje au ndani?"

"Nje."

"Basi humu si mahali pake."

Akatoka. Alitembea mbele yetu barabarani, mgongo umenyooka, mtu ambaye nilikuwa nimeshaanza kumkatia vyakula vidogo vidogo kama mgonjwa. Tulifika mbele ya duka la vitambaa saa watu wanaporudi kutoka sokoni. Fundi viatu alikuwa palepale pake kando ya duka, na wacheza dama wake. Baba akasimama pale kilipokuwa kiti chake, akamwonyesha Bi Vitambaa mahali pa kusimama.

Akasema. Maneno yalimtoka kidogo kidogo, maji ya nywele yanamwingia machoni. Waliokuwa karibu waliguna.

"Wale hawajasikia," Baba alisema.

Fundi viatu akainuka haraka. "Mzee, tumesikia. Wallahi tumesikia."

"Sijakuuliza wewe," Baba alimwambia, na hakumtazama. "Sema tena, mama."

Akasema tena, kwa sauti zaidi. Tajiri akatoka dukani, futi ya kupimia imening'inia shingoni, akasikia mwanzo mpaka mwisho akiwa mlangoni pake. Niliona uso wake ukibadilika rangi. Akashuka ngazi, akamshika Baba mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee wangu, twende ndani tuzungumze. Kazi yako ipo. Hata leo."

Baba alichomoa mkono taratibu. "Ngoja. Mkeo hajamaliza. Yule mama wa mboga ng'ambo, siku ile alikuwepo."

Ikabidi aseme tena, na sasa alikuwa anapiga kelele, analia na kupiga kelele, "Mzee hakuiba, ni mimi, mzee hakujua," mpaka mama wa mboga akasimama na kisu chake mkononi. Mimi niliyeleta yote haya nilianza kuona aibu, nikatazama chini. Baba hakutazama chini. Alisikiliza kila neno, kichwa kimeinama upande kidogo, na kila alipomaliza alitafuta dirisha jingine lililo wazi. Nilikuwa nimekaa na mtu huyu nyumba moja nikamdhania amesamehe. Kumbe alikuwa anamjua kila aliyesimama pale siku ile.

Alipotosheka aligeuka tukaondoka. Kazi hakuijibu. Nyuma yetu tajiri alikuwa anamuuliza mkewe jambo.

Tulipopita kona, mahali ambapo hakuna mtu, Baba alishika ukuta. Nilidhani anaanguka, nikamkumbatia kiuno. Alikuwa analia, baba yangu, vifungo vyote vimefungwa.

"Amesema mara ngapi?" aliniuliza.

"Sikuhesabu, Baba. Nyingi. Mtaa wote umesikia."

Akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Siku ile, mumewe alipomuuliza," alisema, "ningetosheka na mara moja."